Kompyuta ya Masikio, Usukani wa Mwalimu

Ujumbe kutoka ofisini ulikuwa na mistari mitatu tu, lakini Masikio aliusoma kwenye simu mara nne huku chai ikimpoea mkononi. Kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao, ulisema, hakuna mnukuzi atakayeruhusiwa kuingia kwenye mfumo wa ofisi kwa kompyuta yenye Windows ya zamani. Asiye na mpya asubiri mpaka aipate. Hakuna salamu, hakuna samahani kwa usumbufu, na aliyeandika hata jina lake hakuweka.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Ofisi ilimtumia rekodi za mikutano, naye akavaa hedifoni, akasikiliza watu wakibishana, wakikohoa na kukatizana, akaandika kila neno. Chini ya meza alikuwa na pedeli ya kusimamishia sauti kwa mguu, ili mikono isiache kuchapa. Ndiyo maana mumewe alimbandika jina la Masikio, na mtaa mzima ukalidaka, hata muuza mboga hakujua tena jina lake halisi.

Mtu mwingine angepata ujumbe ule akaanza kupiga hesabu za bei. Masikio hakuwaza bei. Aliingiwa na hofu kwa sababu nyingine kabisa, na sababu hiyo ilikuwa imeketi sebuleni muda ule, imevaa fulana ya ndani, ikiendesha gari la gemu kwenye kompyuta hiyohiyo ya kazi na kujisifu kwa sauti.

"Masikio! Dakika moja na sekunde hamsini! Njoo uone mkono huu!"

"Nakuja, Mwalimu," alijibu, wala hakuinuka.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, miaka ishirini na miwili kwenye kiti cha pembeni. Nusu ya madereva wa mji ule walikuwa wamepita mikononi mwake, na wote bado walimwogopa kidogo. Halafu kiharusi kikamkamata bafuni, asubuhi ya Jumatano, na upande wa kulia ukalala. Mguu ulirudi. Maneno yalirudi, pamoja na utani wake wote na mengine mapya. Mkono ndio uliokuwa ukijivuta, na mkono wa kulia ndio mali ya mwalimu wa udereva. Breki ya pili iko mguuni kwake, sawa, lakini mwanafunzi akishikwa na kiwewe, usukani hunyakuliwa kwa mkono ule.

Mtoto wao wa kwanza, aliyehamia mbali pamoja na mkewe, ndiye aliyemtumia usukani wa gemu na pedeli zake. Daktari wa mazoezi alisema ni wazo zuri. Siku ya kwanza Mwalimu aligonga ukuta wa kona ya kwanza mara nne mfululizo. Ya nne ilipomshinda aliusukuma usukani ukaanguka, akageuza kiti kikatazama ukuta, na Masikio, ambaye alikuwa amekaa na mtu yule miaka ishirini na sita, alimwona akilia kwa mara ya kwanza. Siku hiyo nzima hakula. Masikio aliogopa kweli kweli. Aliogopa kuliko siku ile ya bafuni.

Kesho yake, Mwalimu alipokuwa anaoga, Masikio alifungua mipangilio ya gemu. Alikuta sehemu iliyoandikwa Misaada, yenye swichi tano. Moja ilifanya gari lifunge breki lenyewe kabla ya kona. Nyingine ilirudisha usukani njiani dereva akikosea. Nyingine tatu hakuzielewa. Aliwasha zote tano, akafunga, akaenda jikoni kukaanga mayai kama mtu asiyejua lolote. Baada ya nusu saa Mwalimu alikuwa amemaliza mzunguko mzima bila kugusa ukuta, akacheka mpaka akakohoa, akamwita aje aone. Masikio aliapa moyoni kuwa ni kwa siku ile tu.

Miezi saba ilipita. Mwalimu aliacha kutazama ukuta. Alirudi kunyoa ndevu mwenyewe, akarudi kugombana na redio. Kila wiki muda wake ulipungua kwa sekunde kadhaa, na Masikio hakujua sekunde zipi ni za mkono na zipi ni za swichi. Kila alipotaka kuzizima aliona kile kiti kimegeuzwa ukutani, akaahirisha. Kila alipoahirisha, kusema kulizidi kuwa kugumu.

Na kama hilo halikutosha, wiki mbili kabla ya ujumbe wa ofisi Mwalimu alikuwa amempigia simu mkuu wa shule ya udereva, rafiki yake wa siku nyingi. "Tarehe moja niko kwenye kiti," alimwambia. "Mkono umerudi, bosi. Ungeniona kwenye kona!" Mkuu alimwamini, kwa sababu Mwalimu hakuwahi kumwongopea. Alimpangia mwanafunzi wa kwanza siku hiyohiyo, binti wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kuwasha gari.

Tangu hapo Masikio hakulala vizuri. Alimjua yule binti kwa sura tu, aliuza vocha kwenye kibanda cha pembeni. Kila akipita pale alimnunulia vocha asiyoihitaji.

Sasa kompyuta. Ile ya zamani isingepokea Windows mpya, prosesa yake ilikuwa imepitwa na wakati, na hata bila hivyo ilikuwa inakata roho. Mara mbili kwa siku ilijizima yenyewe kwa joto. Kompyuta mpya ingekuja na gemu jipya lililowekwa upya, na swichi zote zimezimwa. Mwalimu angekaa, angeshika usukani, na kona ya kwanza ingemwambia yote ambayo mkewe hakumwambia.

Alipokuwa anakwenda dukani, Masikio alikuwa ameshakata shauri. Angenunua laptopu nyembamba, ya kazi tu, isiyoweza kubeba gemu. Gemu lingekufa kifo cha kawaida, wala pasingekuwa na wa kulaumiwa. Jinsi Mwalimu angeishi bila gemu, na jinsi ya kumzuia asiende kwa yule binti, hayo angeyafikiria baadaye. Watu wazima wenye akili zao hupanga mambo hivi wakiwa na hofu, na Masikio alikuwa na hofu kubwa.

Duka lilikuwa la mwanamke aliyeitwa Bisibisi, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila bisibisi sikioni, mahali ambapo wengine huweka kalamu. Kaunta ilijaa matumbo ya kompyuta. Alimkaribisha Masikio kwa kumsogezea kiti chenye magurudumu matatu.

"Karibu, mama. Vipi Mwalimu? Yule mzee ndiye aliyenifundisha mimi kuendesha, unajua? Alinitoa machozi kwenye mzunguko wa barabarani, lakini mpaka leo sijakwaruza gari."

"Anaendelea vizuri."

"Nimesikia. Amenipigia simu asubuhi."

Masikio alihisi kiti kinamteleza. "Amekupigia? Anataka nini?"

"Kasema mkewe atakuja kununua kompyuta, nisikubali aondoke bila kadi nzuri ya picha. Kasema wewe utataka kubana." Bisibisi alicheka. "Haya, tuanze na kazi yako. Wewe unahitaji nini hasa?"

"Ya kuandikia. Na kusikiliza. Nyepesi tu. Hii hapa?" Alionyesha laptopu ya kijivu iliyokuwa karibu, kwa haraka ya mtu anayetaka kumaliza kabla hajaulizwa.

"Hiyo kwa kuandika ni safi kabisa. Ina Windows mpya, diski ya SSD, inawaka kabla hujakaa. RAM ni gigabaiti nane, kwa kazi yako zinatosha. Lakini haina kadi ya picha ya kwake, mama. Ukiweka gemu la Mwalimu humo, gari litatembea kama picha za ukutani. Na matundu ya USB ni mawili tu. Pedeli yako moja, usukani wake moja, kipanya utakichomeka wapi?"

"Na ile ya bure? Mwanangu aliwahi kuniambia kuna mfumo wa bure."

"Linux. Nzuri, na haisumbui. Hata ile mashine yenu kongwe ingepata pumzi kidogo. Lakini programu ya ofisini kwenu haikai humo, na usukani sijui kama itautambua. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya." Aliegemea kaunta. "Kwa matumizi yenu wawili, mimi ningechukua ya mezani. Hii. Prosesa ya wastani, huhitaji zaidi. RAM kumi na sita. Kadi ya picha ya kawaida, siyo ile ya kujionyesha. Na sanduku lina nafasi, kesho kitu kikifa unabadilisha kimoja, hubadilishi zima. Laptopu ikifa imekufa. Bei zinakaribiana."

Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilimbana Masikio. Alishika laptopu mkononi, akaipima uzito. Alifungua mkoba. Alikuwa ameshashika pesa alipomwona Mwalimu mbele yake, amekaa kwenye kiti kilichotazama ukuta, hana hata usukani wa kusukuma. Siku ngapi? Miaka mingapi? Kisha alimwona ameteremka na mkono wake uleule hadi kwenye gari la shule, na binti wa vocha pembeni yake. Aliirudisha laptopu mezani.

"Hii ya mezani," alisema. "Mipangilio ya gemu inahama pamoja na mafaili?"

"Mafaili yako yote nitahamisha, usiwe na wasiwasi. Gemu lenyewe litaanza upya. Ila kama kuna kitu unataka kiwekwe, andika kwenye fomu, nitakuja kuwafungia nyumbani kesho."

Bisibisi alimsogezea fomu ya kazi, yenye mistari. Masikio aliandika: programu ya ofisi. Pedeli ya mguu. Barua pepe. Gemu la magari. Akasimamisha kalamu. Angeweza kumwambia Bisibisi hapohapo, dada yangu, kuna jambo, naomba liwe siri yetu. Lakini kusema ni siri kungekuwa kukiri kwamba ni kosa, na kwa mgeni tena, na yeye hakuwa tayari. Basi akaandika mstari wa tano kwa mwandiko mdogo, bila maelezo: misaada ya gemu, yote iwashwe. Halafu akaomba Bisibisi aje saa nne kamili, saa ambayo Mwalimu huwa kwenye mazoezi ya mkono kliniki.

Kumbe fundi mwaminifu ana hatari yake. Bisibisi alifika saa tatu na robo, amebeba sanduku kifuani, akisema wateja wa saa tatu wamemwangusha, akaona heri awahi asije akamchelewesha mama. Mwalimu alikuwa bado anakunywa chai.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Bado unakanyaga klachi kama unaua mende?"

"Niliacha, Mwalimu. Ulinipigia kelele mno."

Masikio alisimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi, akijaribu kutafuta sababu ya kumtoa mumewe nje. "Mwalimu, utachelewa kliniki."

"Kliniki haikimbii. Nataka kuona hii ikiwaka." Na akavuta kiti.

Bisibisi alifunga nyaya. Mashine iliwaka kimya, haikuguruma kama ile marehemu. Mwalimu alipiga mluzi. Picha ya gari ilipotokea kwenye skrini, ungesema ameletewa gari lenyewe. Masikio alijaribu kumkonyeza Bisibisi, lakini Bisibisi alikuwa ameshatoa fomu, ameishika mbele ya macho yake kwa mikono miwili.

Fundi yule alikuwa na desturi moja, wateja wake wote waliijua. Hakuweka alama ya vema kabla ya kusoma mstari kwa sauti mbele ya mteja. Na desturi hiyo alikuwa ameipata kwa Mwalimu mwenyewe, aliyemkataza kuwasha gari kabla hajataja kwa mdomo: kioo, mkanda, gia, breki ya mkono.

"Programu ya ofisi, ipo," alisoma. "Pedeli ya mguu, inafanya kazi. Barua pepe, ipo. Gemu la magari, lipo."

"Dada," alisema Masikio, "hayo mengine nita..."

"Misaada ya gemu, yote iwashwe." Aliinua macho. "Hii bado. Mwalimu, nikuwashie sasa hivi kama ilivyokuwa?"

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Misaada gani?"

"Ile ya breki na usukani. Gari linajiendesha lenyewe kwenye kona, wewe unashika tu." Alisema hivyo kwa wema wote, na alipomaliza ndipo alipomwona Masikio. Fomu ilishuka taratibu mpaka mapajani.

Masikio alisikia pampu ya maji ya jirani ikiwaka na kuzima. Mwalimu hakumtazama. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya usukani.

"Iliwashwa lini?" aliuliza.

"Siku ya pili," alisema Masikio.

"Siku ya pili ya nini?"

"Ya gemu. Uligonga mara nne, ukageuza kiti. Nikaogopa, Mwalimu. Niliogopa utanifia umekaa. Nilisema siku moja tu."

"Huu mwezi wa saba."

"Najua."

"Kwa hiyo zile dakika zote..."

"Sijui. Nyingine ni zako, nakuapia nyingine ni zako, nilikuona ukishika sahani, ukinyoa ndevu. Ila sijui ngapi. Ndilo linaloniua, sijui ngapi." Na hapo Masikio alilia, kitambaa cha vyombo usoni, mbele ya mgeni, bila aibu.

Bisibisi alianza kukusanya vifaa vyake. "Mimi nadhani nirudi..."

"Kaa," alisema Mwalimu. "Iwekwe bila misaada. Yote."

"Imeshazimwa, Mwalimu. Ndivyo inavyokuja."

Mwalimu aliendesha. Aligonga ukuta wa kona ya kwanza. Akaanza tena, akagonga palepale. Mkono ulikuwa unakwenda, hilo wote waliliona, lakini ulikuwa unafika umechelewa, gari limeshapita. Mara ya tatu. Mara ya nne, na Masikio akajikunja, akingoja usukani uanguke. Haukuanguka. Ya tano, ya sita, ya saba. Jasho lilimtiririka Mwalimu shingoni likaloanisha fulana. Baada ya ya saba alisukuma kiti nyuma, akachukua simu mezani kwa mkono wa kushoto, akampigia mkuu wa shule. Aliweka sauti nje, kwa sababu mkono wa kushoto haukuzoea kushika simu sikioni.

"Bosi. Tarehe moja siji."

"Kulikoni tena? Unaumwa?"

"Siumwi. Mkono haujarudi."

"Si ulisema mwenyewe umerudi? Nimeshampanga yule binti!"

"Mpe mwalimu mwingine. Nilisema vibaya."

"Nani amekuingizia hofu? Mkeo? Hebu nipe niongee naye, wanawake kwa woga..."

Masikio alishusha kitambaa. Alikuwa tayari. Alinyoosha mkono kuipokea simu, aseme yote, mkuu ajue, mji mzima ujue. Mwalimu alimtazama kwa mara ya kwanza tangu fomu isomwe, akatikisa kichwa.

"Mke wangu hana neno," alisema kwenye simu. "Hakuna aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, nilikuwa na haraka. Mkono ukirudi nitakuja mwenyewe, utanipima barabarani, siyo kwa maneno. Haya, salamu nyumbani."

Alikata simu. Masikio alitamani angepigiwa kelele. Kelele angezimudu, alikuwa amezipangia majibu kwa miezi saba. Hili la kufichiwa kosa lake hakulipangia chochote.

"Mwalimu..."

"Huo ndio uongo wa mwisho kusemwa nyumba hii," alisema Mwalimu. "Nimeusema mimi, ili tuwe sawa. Sasa usinishindie kona tena. Nikigonga, niache nigonge. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Na nikigeuza kiti ukutani, nitakigeuza tena nikichoka kuuona ukuta. Mimi siyo mtoto."

Bisibisi alikuwa amejikunja kwenye kona kama mtu anayetaka kuingia ndani ya sanduku la kompyuta. Mwalimu alimgeukia, akamwambia aweke alama kwenye ule mstari wa tano, aandike haukufanyika, kwa kuwa kazi isiyofanyika nayo huandikwa. Aliandika, akaaga. Mlangoni alimshika Masikio mkono kwa nguvu.

Masikio alitaka kwenda jikoni. Jikoni kulikuwa na vyombo, na vyombo havina macho. Lakini alivuta kile kiti cha kazi yake, akakaa pembeni ya mumewe, upande wa kushoto, mikono mapajani. Miguu yao ilikutana chini ya meza, pedeli yake moja na zile tatu za Mwalimu. Hofu haikuwa imeondoka. Hakujua kama mkono ule utarudi, na sasa hakuwa na swichi ya kubonyeza.

Mwalimu alianza upya. Mara ya nane aligonga kona ya kwanza. Mara ya tisa alipunguza mwendo mapema, polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo, na gari likapita kona ile kwa kunyatanyata. Kona ya pili ilikuja, mkono ukachelewa, gari likagonga.

Alitaka kumwambia amefanya vizuri. Neno lilimjia mpaka kwenye meno, akalimeza.

"Umegonga kona ya pili," alisema.

"Naona," alisema Mwalimu, akarudisha gari mwanzoni.